Breki kwanza, mbio baadaye: Somo kutoka miteremko ya Nyamarambe

UKITAKA kumjua kijana wa Nairobi aliyenunua gari lake la kwanza, mwulize atalifanyia nini siku akipata pesa kidogo. Hatakutajia breki. Atakutajia bomba la moshi linalonguruma kama simba mwenye njaa, rimu za kung'aa, taa za rangi na, akiwa jasiri zaidi, injini yenye nguvu kuliko ile aliyouziwa.

Mtoto wa kaka yangu ni mmoja wao. Alimaliza chuo kikuu majuzi, akapata kazi ya kompyuta, akanunua Subaru Impreza nyeusi ambayo tayari ilikuwa imepitia mikono ya watu wawili. Mwezi wa Agosti alinijia na habari kwamba amejiandikisha kwa siku ya mbio katika uwanja wa Whistling Morans, kule Athi River. Kwa msomaji asiyejua, siku kama hiyo si mashindano hasa. Mwenye gari la kawaida, lile lile linalompeleka kazini, hulipa ada, gari lake hukaguliwa, kisha huachiwa uwanja alikimbize kadiri ya uwezo wake bila kumhatarisha mpita njia. Unashindana na saa tu, na woga wako.

"Shangazi, pesa za bomba la moshi ziko tayari," aliniambia akitabasamu. "Zimebaki wiki mbili."

Mimi sikuwa na hamu ya mabomba. Nilikuwa na safari ya kwenda kumwona mama huko nyumbani Nyamarambe, Mugirango Kusini, na nilikuwa nikitafuta mtu wa kunipeleka ili niepuke kubanwa kwenye basi. Yeye naye alitaka kulijaribu gari safari ndefu. Tukapatana. Tuliondoka Nairobi Alhamisi alfajiri, mimi nikiwa na mikate na sukari ya mama kiti cha nyuma, yeye akiwa na miwani ya jua ingawa jua halijachomoza.

Kila anayesafiri kwenda Kisii kupitia Narok anaijua miteremko ya Mai Mahiu. Barabara inauacha ukingo wa Bonde la Ufa na kuanza kuteremka kwa kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili shimo lisilopendeza kutazama. Chini kabisa liko lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, wakati walipokuwa wakiijenga barabara yenyewe. Malori huteremka pale polepole, na harufu ya breki zilizoungua ni kama manukato ya mahali hapo.

Kijana wangu hakuwa na subira ya malori. Alikuwa akilipita moja, anakanyaga breki, anashika kona, anaongeza moto, anakanyaga tena. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu sikuhitaji kusema neno, kwa sababu nilimwona uso umebadilika. Alikanyaga breki na mguu ukazama hadi sakafuni, kama mtu aliyekanyaga sponji.

Sitasema nilikuwa shujaa. Nilishika dashibodi kwa mikono yote miwili na kulitaja jina la Mungu kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Yeye, nampa sifa zake, hakuduwaa. Alikanyaga mara tatu upesi upesi, akashusha gia kutoka ya nne hadi ya tatu hadi ya pili, injini ikalia kwa uchungu, gari likapungua mwendo, na tukafanikiwa kuliegesha karibu na lile kanisa la Waitaliano. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Tulikaa pale dakika 40 bila kuongea sana. Alipokanyaga tena, breki zilikuwa zimerudi.

"Zimepona," alisema.

"Breki si mafua," nilimjibu. Kutoka hapo hadi Narok, Bomet, Sotik, Keroka na mpaka Kisii mjini alienda kama anayebeba mayai, na kila mteremko aliuteremka kwa gia ya chini. Kilomita zilizobaki zikawa ndefu kweli kweli.

Njia za kufika Nyamarambe ni zaidi ya moja. Sisi tuliifuata barabara ya Kisii kwenda Migori, kisha tukaiacha na kupitia Tabaka, na ningemshauri msomaji mwenye watoto afanye vivyo hivyo. Tabaka ndiko yanakochimbwa mawe laini yanayouzwa duniani kote kwa jina la mawe ya Kisii. Kando ya barabara utawaona wanaume wakichonga twiga, viboko na sahani, na akina mama wakivisugua vinyago kwa msasa na maji mpaka ving'ae. Jiwe huanzia rangi ya krimu, likapita waridi, likafika kijivu. Vumbi lake jeupe hukaa juu ya majani ya migomba kama unga wa ngano.

Baada ya Tabaka nchi inakunjamana. Sijui neno bora zaidi. Kilima kinakuja baada ya kilima, na kati yake kuna kijito kinachokimbilia mto Gucha, ambao majirani zetu Waluo huuita Kuja. Kila kipande cha ardhi kina mtu na mtu ana zao: migomba, mahindi, parachichi, na kadiri unavyoshuka, mashamba ya miwa. Ukisikia harufu tamu ya kuungua, jua uko karibu na kiwanda cha sukari nguru, ambako maji ya miwa huchemshwa kwenye makarai makubwa juu ya moto wa makapi. Soko la Nyamarambe lenyewe si kubwa. Lina maduka yenye mabati, wauza mitumba, bodaboda wanaobishana juu ya kandanda, na, mfalme wa barabara hizi, Toyota Probox.

Msomaji wa mjini huenda huliona Probox kama gari la kubebea mikate. Toyota ilianza kuliunda mwaka 2002, na huko Japani lile la mizigo liliidhinishwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili tu. Huku kwetu likifika hupewa kazi ya punda watatu. Sikubaliani na ubebaji wa abiria kumi katika gari la watano, na polisi nao hawakubaliani, angalau hadharani. Lakini ukitaka kujua breki ni nini na springi ni nini, usimwulize mwenye Subaru. Mwulize dereva wa Probox anayeteremka na magunia ya ndizi na watu juu yake mara sita kwa siku.

Mama alitupokea kwa obokima wa wimbi na chinsaga, akamlaza mjukuu wake mapema kama mtoto wa chekechea. Kaka yangu, baba wa kijana, alitusikiliza hadithi ya Mai Mahiu akiwa ameegemeza fimbo yake ukutani. Hakugomba. Alisema tu, "Kesho lipelekeni kwa fundi wa pale kwenye mikaratusi." Kisha akaenda kulala.

Gereji ya fundi huyo haina ukuta. Ina mikaratusi mitatu, shimo la kusimamia chini ya gari, mabati ya kuzuia mvua na meza ya mbao nyeusi kwa grisi. Mzee mwenyewe amepita miaka 60, mwembamba, anavaa ovaroli ya buluu iliyofifia na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Bwakire buya, mama," alinisalimu, kisha akamgeukia kijana. "Nimesikia unataka kukimbia. Kwanza tuone kama unaweza kusimama."

Hakufungua boneti kutazama injini. Alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akachovya kijiti. Kilitoka cheusi kama chai ya rangi iliyolala. Kijana alijitetea kwamba mwaka jana tu alilipa gereji moja huko jijini imbadilishie mafuta hayo, na risiti anayo. Fundi alicheka bila kutoa sauti. "Risiti ilibadilishwa. Mafuta hayakubadilishwa."

Nilichojifunza asubuhi hiyo nitakieleza kwa kirefu, maana nimeendesha gari miaka kumi bila kukijua. Unapokanyaga breki, mafuta yale ndiyo yanayosukuma. Mafuta hayabanwi, kwa hiyo nguvu ya mguu wako hufika kwenye gurudumu yote. Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, polepole, mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale yanayoandikwa DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya digrii 205 za selsiasi. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi digrii 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Sasa padi zikipata moto mkali, moto huo husafiri hadi kwenye mafuta, yanachemka, yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanwa. Mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma padi. Ndiyo maana kanyagio lilizama Mai Mahiu, na ndiyo maana baada ya kupoa lilirudi likijifanya zima.

"Na moto wenyewe unatoka wapi kwa wingi hivyo?" niliuliza.

Fundi alichora mlima kwa kijiti mchangani. Gari likienda kasi maradufu, alisema, breki hazipati kazi maradufu, hupata mara nne. Na mlima nao ni kasi iliyofichwa. Baadaye nilikaa na kikokotoo cha simu nikapiga hesabu kwa fizikia ya sekondari. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na watu na mizigo, likiteremka mlima wa kimo cha mita 300 kwa breki peke yake, huzitia breki joto linalokaribia lile la kulisimamisha kabisa kutoka kilomita 100 kwa saa mara saba na ushei. Upepo na matairi huchukua sehemu yake, lakini nyingi ni ya breki. Dereva wa Probox hakupiga hesabu hiyo, ila anajua kutia gia ya pili juu ya mlima kabla hajaanza kushuka, ili injini ishike kazi na breki zipumzike. Uwanjani Athi River hakuna mlima wa namna hiyo, lakini kuna kona, na kila kona unaifikia kwa kasi, unakanyaga, unaondoka, unakanyaga tena, dakika baada ya dakika. Kwa breki ni mamoja.

Padi nazo zilitolewa. Uso wake uling'aa kama kioo, dalili kwamba ziliungua. Mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu ya mbele ilikuwa na nyufa, na ukikanyaga kwa nguvu inavimba, nguvu inapotelea humo. Diski zenyewe fundi alizipima kwa chombo chake. Kila diski imepigwa chapa ya unene wa chini unaoruhusiwa; hizi zilikuwa bado na nyama. Kijana aliuliza kuhusu zile diski zenye matundu anazoziona kwenye picha. Mzee alisema matundu hayo yanapendeza, lakini diski ikipashwa moto na kupoa mara nyingi, ufa hupenda kuanzia pale pale kwenye tundu. Gari dogo lina haja zaidi ya diski nzima na mafuta safi.

Kisha akaingia shimoni kutazama springi, na hapo akanyamaza kwa muda.

"Nani alizikata hizi?"

Kijana hakujua. Mwenyewe wa zamani alitaka gari likae chini, lionekane la mbio, akazikata springi kwa msumeno mzunguko mmoja na nusu. Ni jambo la kawaida mjini, na ni la hatari. Springi iliyokatwa inakuwa fupi na haina pa kukunjamia. Gari likikuta bonde dogo hugonga mwisho wake, gurudumu linarukaruka. Shokapu mbili za mbele zilikuwa zimevuja mafuta yake yote. Wengi hudhani shokapu hubeba gari. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isidundedunde. Ikifa, tairi huachana na barabara mara kwa mara bila wewe kuhisi, na tairi ambalo haliko chini halina breki, hata ungetia breki za ndege. Mimi sikuwa nimewahi kufikiri kwamba breki na springi ni kitu kimoja. Unapokanyaga, uzito wote hukimbilia mbele. Springi na shokapu za mbele zikiwa mbovu, pua ya gari huinama ghafla, nyuma huwa nyepesi, na kwenye kona mkia unaweza kukupita.

Hapo ndipo pesa za bomba la moshi zilipopata matumizi. Bodaboda alitumwa Kisii mjini akarudi jioni na springi za kawaida za gari hilo, shokapu mpya, mipira miwili, bushi za mkono wa chini na chupa mbili za DOT 4 zilizofungwa. Fundi alisisitiza chupa zisifunguliwe mpaka dakika ya kutumika. Padi kijana aliagiza Nairobi, zikaja na basi la usiku. Alikuwa ametaka zile za mashindano kamili, mzee akamkataza kwa simu mbele ya muuzaji. Padi za namna hiyo hazishiki mpaka zipate moto. Asubuhi ya baridi ukienda nazo kazini, mtoto akivuka barabara, utasimama ukiwa umechelewa. Wakachagua za katikati, zinazostahimili joto zaidi ya zile za kawaida lakini zinashika zikiwa baridi.

Jumamosi nilipewa kazi. Niliketi kwenye usukani, fundi akiwa chini. "Kanyaga. Shikilia. Achilia." Kila nilipokanyaga, yeye alifungua niplo, mafuta meusi yakatiririka kwenye chupa yenye mpira, akafunga, nikaachilia. Tulizunguka magurudumu yote manne mpaka yakatoka mafuta safi yasiyo na povu hata moja. Mguu wangu uliuma siku mbili. Lakini nililihisi kanyagio likigeuka kutoka sponji kuwa jiwe, na sitasahau.

Ni katika kazi hiyo, mimi juu na yeye chini, ndipo mzee alipozungumza. Sikumwuliza.

"Baba ya huyu kijana," alisema kutoka chini ya gari, "unajua ni gari gani lililomvunja?"

Nilijua ilikuwa pikapu ya miwa. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Nino kuziharibu barabara zetu, kaka yangu alikuwa utingo wa pikapu iliyopoteza breki kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Dereva aliruka. Kaka alibaki nayo mpaka ikalala kwenye migomba, na paja lake halikurudi lilivyokuwa. Nilikuwa darasa la tatu. Nyumbani hatukuwahi kuambiwa zaidi ya hayo.

"Gurudumu moja la nyuma lilikuwa likivuja mafuta," fundi aliendelea. "Kipuri hakikuwapo, na mwenye gari hakutaka kungoja Jumatatu. Nikalibana paipu la gurudumu lile kwa koleo, nikaliziba. Zikabaki breki tatu. Kila fundi alikuwa akifanya hivyo. Nikamwambia dereva aende polepole. Wamepakia miwa kuliko kawaida. Zile tatu zikapata moto wa nne."

Alinyamaza, nikasikia spana ikizunguka.

"Nilikwenda kwa baba yenu siku ya pili nikasema mimi mwenyewe. Kaka yako alikuwa hospitalini Tabaka. Alisema nisiseme kwa watoto. Sasa huyu si mtoto. Kanyaga."

Nikakanyaga. Kijana alikuwa amesimama kando akiwa ameshika taa, na alikuwa amesikia yote. Hakusema kitu. Aliishusha taa kidogo ili mzee aone vizuri.

Mchana huo magurudumu yalinyooshwa kwa uzi na timazi, jambo nililodhani ni la waashi. Uzi hufungwa sambamba na ubavu wa gari pande zote mbili, fundi anapima kwa rula umbali wa mbele ya rimu na wa nyuma yake, anakaza au kulegeza mpaka yalingane. Kwa mbio, alieleza, magurudumu ya mbele huinamishwa ndani kidogo kwa upande wa juu, digrii moja na nusu hivi, ili kwenye kona, gari likilala, tairi likanyage kwa uso wake wote. Ukizidisha kwa gari la kila siku utakula matairi upande mmoja. Alilipa digrii moja tu. "Atarudi kazini Jumatatu," alisema.

Ukiwasikia vijana wakibishana, utadhani mbio ni za matajiri wenye magari mapya. Si kweli, na historia yetu wenyewe inashuhudia. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, jirani zetu hapa, aliyeanza maisha kama mekanika, alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kukimbizwa na dereva mwingine mwaka uliotangulia. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Mwaka 1993 Patrick Njiru alilifikisha mwisho gari dogo sana la Subaru Vivio, akashinda daraja lake, ilhali mwenzake Colin McRae, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, aliishia njiani na gari kama hilo hilo. Kufika ni sehemu ya mbio.

Padi mpya hazipelekwi mbio moja kwa moja. Jumapili alfajiri, kabla ya watu wa kanisani kutoka, tulikwenda kwenye kipande tambarare. Kijana alilipeleka gari hadi kilomita 60 kwa saa, akalipunguza kwa nguvu hadi kama 15 bila kusimama kabisa, akaongeza tena. Mara kumi. Kisha akaendesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Harufu kali ilitoka, fundi akasema ni halali. Gundi ya padi inaungua na kujipaka sawasawa kwenye diski. Kijana alitaka kuujaribu ule mteremko wa mtoni kwa kasi. Mzee aliinyoosha mkono, akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa ovaroli.

"Ule una watoto wa shule. Uwanja umelipia."

Tulirudi nyumbani kwa miguu wote watatu, gari likabaki chini ya mikaratusi mpaka asubuhi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Athi River, nikiwa nimejifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi. Wakaguzi walifungua buti wakakuta parachichi 11 na nusu mkungu wa ndizi ambao mama alituwekea na sisi tukasahau. Kila kitu kisichofungwa lazima kitoke, walisema, maana kwenye kona parachichi hugeuka risasi. Tuliwagawia. Walikagua pia nati za magurudumu, betri, mikanda na kofia ngumu. Upepo wa matairi ulipimwa yakiwa baridi na tena yakiwa moto, kwa sababu hewa ikipashwa hupanda, na wengi huja wameyajaza kupita kiasi.

Kijana aliingia uwanjani mara nne. Kila mara alikimbia mizunguko michache tu, kisha akazunguka mmoja wa polepole bila kugusa breki ili zipate hewa, akatoka. Gari moja jekundu lenye bomba la moshi la kutisha lilimpita kama aliyesimama. Katika zamu ya pili gari hilo lilienda moja kwa moja mahali ambapo kona ilikata kulia, likasimama kwenye majani, na mwenyewe alitoka akisema breki zimekwisha. Hakuumia. Kijana wangu alimaliza katikati ya orodha, karibu na chini. Nilimwuliza kanyagio likoje. "Jiwe, shangazi," alisema, akaniruhusu niliguse.

Jioni alimpigia simu fundi Nyamarambe, akaweka sauti nje ili nami nisikie. Alianza kumsomea nyakati zake, za mzunguko wa kwanza na wa mwisho, hadi sehemu za sekunde. Mzee alimkatiza.

"Ulipoegesha likiwa moto, ulivuta handibreki?"

"La, mzee. Niliacha kwenye gia."

"Na nyuma ya gurudumu?"

Nilitazama. Chini ya tairi la nyuma kulikuwa na kigingi cha mkaratusi, kimechongwa kwa panga, bado kina gome upande mmoja.